Upigaji picha katika kambi za wakimbizi

Upigaji picha katika kambi za wakimbizi ni kazi ya kurekodi kwa kamera maisha ya watu waliokimbia makazi yao kwa sababu ya vita, mateso au ubaguzi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa karibu yote na watu wa nje: waandishi wa habari, watumishi wa mashirika ya misaada na wasanii waliokuja kambini kwa siku chache kisha wakaondoka. Tangu mwanzo wa karne ya 21, na hasa baada ya simu zenye kamera kuenea, wakimbizi wenyewe wameanza kupiga picha za kambi wanamoishi. Mmoja wa wanaojulikana kwa kazi hiyo ni Sahat Zia Hero, Mrohingya kutoka Myanmar aliyekimbilia Bangladesh mwaka 2017.

Katika Afrika Mashariki historia hii inagusa sana Kanda ya Ziwa ya Tanzania. Kambi za Ngara, mkoani Kagera, zilipigwa picha na wageni wengi kuanzia mwaka 1994. Miaka kumi baadaye Mwanza yenyewe ilionyeshwa duniani na mtengeneza filamu kutoka nje, na wakazi wake wakajionea namna mtu anavyojisikia anapoonyeshwa na mwingine bila kupata nafasi ya kujibu.

Aina za picha za kambini

Picha zinazopigwa kambini zinaweza kugawanywa katika makundi manne, kufuatana na anayepiga na sababu ya kupiga.

1. Picha za habari hupigwa na waandishi ili kueleza tukio, kwa mfano watu wengi kuvuka mpaka, mlipuko wa kipindupindu au moto.

2. Picha za mashirika ya misaada hupigwa ili kuonyesha kazi inayofanyika na kuchangisha fedha. Desturi hii ni ya zamani. Fridtjof Nansen wa Norwei, aliyekuwa kamishna wa kwanza wa wakimbizi chini ya Shirikisho la Mataifa, alipiga picha za njaa ya Urusi ya miaka ya 1921-1922 na kuzitumia katika kuomba msaada.

3. Picha za usajili hupigwa na maofisa kwa ajili ya kadi na kumbukumbu. Kwa mkimbizi picha hii ndogo inaweza kuwa na uzito kuliko nyingine zote, kwa sababu utambulisho huo ndio unaomwezesha kupata posho ya chakula na huduma nyingine.

4. Picha za wakimbizi wenyewe hupigwa kwa sababu nyingi: kumbukumbu ya familia, sanaa, biashara ndogo ya studio, ushahidi, au kueleza maisha ya kambi kwa watu wa nje.

Makundi haya huingiliana. Mkimbizi anaweza kuajiriwa na shirika, na picha ya familia inaweza baadaye kuwa ushahidi mahakamani. Hata hivyo tofauti kati ya mpigapicha mgeni na mpigapicha mkazi hubaki, kwa sababu mkazi hulala palepale alipopigia picha na kesho yake hukutana tena na aliyempiga.

Ngara mwaka 1994

Mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi nchini Rwanda yalianza tarehe 7 Aprili 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, watu wanaokadiriwa kufikia 250,000 walivuka daraja la Rusumo na kuingia wilaya ya Ngara kwa muda wa takriban saa 24. Wengi wao walikuwa Wahutu waliokimbia kusonga mbele kwa jeshi la RPF. Walipewa eneo la Benaco, ambalo kwa wiki chache lilikuwa na watu wengi kuliko miji mingi ya Tanzania ya wakati huo. Baadaye zilifunguliwa kambi nyingine jirani, zikiwemo Lumasi, Musuhura na Lukole.

Wapigapicha wengi walifika Benaco. Mashuhuri zaidi kati yao alikuwa Mbrazili Sebastião Salgado (1944-2025). Picha zake nyeusi na nyeupe zinaonyesha mahema yasiyo na mwisho, moshi wa kuni ukiwa umetanda asubuhi, na watu waliojifunika mablanketi. Ziliingia katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2000 kuhusu watu wanaohama duniani. Katika filamu ya The Salt of the Earth ya mwaka 2014 Salgado alieleza kwamba mambo aliyoyaona Rwanda na katika kambi za majirani zake yalimvunja moyo kiasi cha kuacha kupiga picha kwa muda.

Picha hizo zilisaidia dunia kutambua ukubwa wa tatizo. Lakini katika nyingi za wakati ule aliyepigwa hakutajwa jina. Maelezo chini ya picha yalitaja mahali, mwaka na pengine neno "mkimbizi" tu. Msomaji alijua jina la mpigapicha, hakujua jina la mama aliyebeba mtoto.

Mambo ambayo picha hazikuyaonyesha

Kambi za Ngara ni mfano mzuri wa mipaka ya picha. Picha ya umati wenye njaa ilikuwa ya kweli, lakini haikuweza kumweleza mtazamaji nani alikuwa nani ndani ya umati huo. Miongoni mwa wakimbizi walikuwamo watu walioshiriki mauaji, na viongozi wa vitongoji na wilaya za Rwanda waliendelea kuwasimamia watu wao kambini, hata katika ugawaji wa chakula.

Jean-Baptiste Gatete, aliyewahi kuwa meya wa Murambi, alikuwa mmoja wao. Mwezi Juni 1994 jaribio la kumwondoa Benaco lilizusha ghasia, na maelfu ya wakimbizi walikusanyika kuwatisha wafanyakazi wa misaada. Gatete alikamatwa mwaka 2002 nchini Kongo-Brazzaville. Mwaka 2011 Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda, iliyokuwa na makao yake Arusha, ilimtia hatiani kwa mauaji ya kimbari. Mwaka 2012 rufaa ilipunguza adhabu yake kutoka kifungo cha maisha hadi miaka 40.

Wakati kambi zikijaa, Mto Kagera ulikuwa ukibeba miili ya waliouawa Rwanda hadi Ziwa Viktoria. Maelfu ya miili iliopolewa na kuzikwa upande wa Uganda, ambako yapo makaburi ya kumbukumbu huko Kasensero, Lambu na Ggolo. Watu wengi wa pwani ya ziwa waliogopa kula samaki kwa muda. Kwa hiyo mtu aliyeona picha za Benaco peke yake aliona nusu ya habari: aliwaona waliokimbia, hakuwaona waliouawa.

Mwezi Desemba 1996 serikali ya Tanzania, pamoja na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi (UNHCR), ilitangaza kwamba Wanyarwanda wote warudi kwao kabla ya mwisho wa mwaka. Wengine walijaribu kukimbilia mbali zaidi, lakini walirudishwa njiani. Kambi zilizojaa mwaka 1994 zikaondokewa na Wanyarwanda kwa wiki chache.

Mwanza na filamu ya mapanki

Mwaka 2004 ilitoka filamu ya Darwin's Nightmare ya Hubert Sauper, mtengeneza filamu aliyezaliwa Austria. Ilipigwa Mwanza na vijiji vya kando ya ziwa, ikihusu biashara ya minofu ya sangara, umaskini, na ndege za mizigo. Asili yake ni kambi za wakimbizi. Sauper alikuwa ametengeneza filamu fupi kuhusu wakimbizi wa Rwanda katika misitu ya Kongo, na ameeleza kwamba mwaka 1997 aliona ndege mbili kubwa: moja ilileta tani 45 za njegere kutoka Marekani kwa ajili ya wakimbizi, nyingine iliondoka na tani 50 za samaki kwenda Ulaya.

Filamu hiyo ilisifiwa sana Ulaya na kuteuliwa kuwania tuzo ya Oscar. Nchini Tanzania ilipata upinzani mkali, na wengi waliiita "filamu ya mapanki" kwa sababu ya sehemu inayoonyesha vichwa na mifupa ya sangara ikianikwa na kukaangwa. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaumu hadharani kwamba imeuchafua mji na nchi. Kulikuwa na maandamano, na ulizuka ubishi iwapo mapanki huliwa na watu au ni chakula cha mifugo. Waliomtetea Sauper walisema umaskini alioonyesha ulikuwepo kweli. Waliompinga walisema mji wenye shule, masoko, viwanda na familia za kawaida ulionyeshwa kama jalala.

Mjadala huo unahusu moja kwa moja picha za kambini. Mwanza ilikuwa na rais, magazeti na bunge la kuisemea. Mkimbizi anapoona amepigwa vibaya, kwa kawaida hana chombo cha kujibia, isipokuwa awe na kamera yake.

Kamera mikononi mwa wakazi

Majaribio ya kuwapa kamera watu walioathiriwa na vita yalianza Afrika Mashariki kabla ya simu janja. Mwaka 2000 Mmarekani David Jiranek alianza mradi na watoto wa kituo cha yatima cha Imbabazi, karibu na Gisenyi nchini Rwanda, kilichoanzishwa na Rosamond Carr. Watoto walipewa kamera za kutumia mara moja. Badala ya kupiga magofu na makaburi walipiga rafiki zao, bustani, mlima na nguo zilizoanikwa. Picha zao ziliwashangaza watu waliodhani kwamba mtoto wa vita hana jambo jingine la kuonyesha.

Nchini Kenya shirika la FilmAid lilianza kazi Kakuma mwaka 2001 na baadaye Dadaab. Lilionyesha filamu kwa wakimbizi, na pia lilifundisha vijana kutumia kamera. Mwaka 2008 wakimbizi wa Kakuma walianzisha gazeti lao huru la KANERE, linalotolewa kwenye intaneti, ambalo huandika habari za kambi bila kupitia mashirika yanayoiendesha.

Upande wa mashariki wa Kongo, wapigapicha vijana wa Goma, miongoni mwao Moses Sawasawa, waliunda kikundi cha Goma Oeil. Wamepiga picha za wakimbizi wa ndani waliokimbia vita vya M23 kuanzia mwaka 2022 na kujazana katika kambi zilizouzunguka mji. Wapigapicha hawa si wote wakimbizi, lakini ni wenyeji: wanazungumza Kiswahili cha watu wanaowapiga na wamekulia katika vita hivyohivyo. Baada ya M23 kuuteka mji wa Goma mwezi Januari 2025, kambi nyingi za pembezoni zilivunjwa na watu wakatawanyika. Picha za kambi hizo sasa ni kumbukumbu za mahali ambapo hapapo tena.

Sahat Zia Hero na wapigapicha wa Kirohingya

Warohingya ni jamii ya Kiislamu ya jimbo la Rakhine, magharibi mwa Myanmar. Sheria ya uraia ya mwaka 1982 iliwaacha wengi wao bila uraia. Kuanzia Agosti 2017 mashambulizi ya jeshi yaliwafanya zaidi ya watu 700,000 kukimbilia Bangladesh, wakaungana na wengine waliotangulia. Kambi za eneo la Cox's Bazar, hasa Kutupalong, zikawa miongoni mwa makazi makubwa kabisa ya wakimbizi duniani.

Sahat Zia Hero alikuwa mmoja wa waliokimbia. Akiwa kambini alianza kupiga picha za majirani zake: wazee, watoto wakicheza, wanaume wakijenga vibanda vya mianzi na turubai, mafuriko ya masika na moto. Mwaka 2021 alitoa kitabu cha picha kiitwacho Rohingyatography. Mwaka 2022 alianzisha jarida la Rohingyatographer, akisaidiwa na msanii Mhispania David Palazón, ambamo picha zote ni za Warohingya wenyewe, wanaume kwa wanawake.

Umuhimu wa kazi hiyo ulionekana wazi katika moto mkubwa wa tarehe 22 Machi 2021, ulioacha watu wapatao 45,000 bila makazi. Wapigapicha wakazi walikuwa ndani ya moto kabla mwandishi yeyote hajafika. Picha na video zao zilionyesha ukubwa wa janga wakati bado linaendelea.

Mwaka 2023 Hero, pamoja na Abdullah Habib, Salim Khan na Shahida Win, alipewa tuzo ya Nansen ya UNHCR kwa kanda ya Asia na Pasifiki kwa kazi ya kusimulia maisha ya jamii yao. Mshindi mkuu wa tuzo hiyo mwaka huohuo alitoka Afrika Mashariki: Abdullahi Mire, Msomali aliyekulia Dadaab, mwandishi wa habari ambaye alipeleka vitabu 100,000 kwa watoto wa kambi hizo.

Namna kazi inavyofanyika

Wapigapicha wengi wa kambini huanza na simu ya mkononi. Simu ni rahisi kubeba, haiwashtui watu kama kamera kubwa, na humwezesha mpigapicha kutuma picha palepale. Matatizo yake ni ya kila siku: mahali pa kuchaji, bei ya bando, vumbi na mvua, na kumbukumbu ya simu inayojaa. Picha zisipohifadhiwa sehemu nyingine hupotea simu inapoibwa au kuungua.

Intaneti yenyewe inaweza kufungwa. Serikali ya Bangladesh ilizuia intaneti ya kasi katika kambi za Warohingya kuanzia Septemba 2019 hadi Agosti 2020, kipindi ambacho pia ugonjwa wa UVIKO-19 ulikuwa umeingia. Katika hali kama hiyo mpigapicha huweza kupiga lakini hawezi kupeleka picha zake nje.

Wanawake wapigapicha wana nafasi ya pekee. Katika jamii nyingi za wakimbizi mwanamume asiye wa familia haingii ndani ya kibanda wala hawapigi picha wanawake. Bila mpigapicha wa kike, upande huo wa maisha, yaani mapishi, malezi, ushonaji na ugonjwa, hubaki nje ya kumbukumbu.

Idhini, sheria na hatari

Kanuni ya kwanza ya kazi hii ni idhini. Aliyepigwa anapaswa kuelewa picha itatumika wapi na awe huru kukataa. Kambini uhuru huo ni mgumu, kwa sababu mkimbizi akiombwa na mtu wa shirika linalomlisha anaweza kuogopa kwamba kukataa kutamkosesha msaada. Kwa watoto idhini ya mzazi au mlezi huhitajika.

Hatari nyingine ni usalama. Mtu aliyekimbia serikali au kundi lenye silaha anaweza kutambuliwa kwa picha moja iliyosambazwa, na ndugu zake waliobaki nyumbani wakadhurika. Mpigapicha naye anaweza kutishwa na magenge ya kambini au kuhojiwa na wenye mamlaka. Ndiyo maana baadhi ya picha huonyesha mikono, kivuli au mgongo, na baadhi ya majina hubadilishwa. Kutaja jina ni heshima pale tu mwenye jina anapotaka litajwe.

Nchini Tanzania mambo haya yako chini ya Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998. Wakimbizi hutakiwa kuishi katika maeneo yaliyotengwa, kama Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Kongo. Mkimbizi huhitaji kibali ili kutoka kambini, na mtu wa nje huhitaji kibali ili kuingia. Kwa sababu hiyo Mtanzania wa kawaida, hata wa mkoa jirani, huzijua kambi hizo zaidi kwa picha kuliko kwa macho yake.

Ukosoaji

Wapo wanaosema kwamba kumpa mkimbizi kamera hakubadilishi hali yake: bado hana uraia, hana ruhusa ya kufanya kazi, na picha zake huonekana katika maonyesho ya miji asiyoweza kufika. Wengine huuliza nani anachagua picha zitakazochapishwa, kwa kuwa mara nyingi fedha, uhariri na kumbi hutoka kwa watu walewale wa nje. Hoja nyingine ni kwamba mpigapicha mkazi naye huchagua: anaweza kuonyesha kundi lake na kuliacha jingine, kama ambavyo mkimbizi wa Benaco mwaka 1994 angeweza kuficha waliohusika na mauaji.

Wanaoitetea kazi hiyo hujibu kwamba hakuna picha moja inayotosha. Picha ya mgeni inaweza kuonyesha ukubwa wa kambi kwa mara moja. Picha ya mkazi huonyesha muda: mtoto yuleyule akikua, kibanda kilekile kikijengwa upya baada ya kila mvua. Kambi zilizokusudiwa kudumu miezi zimedumu miaka, Dadaab tangu 1991 na Kakuma tangu 1992, na muda huo mrefu ni vigumu kuonekana katika picha za ziara ya siku tatu.

Kusoma picha ya kambi

Kwa wanafunzi wa historia, uraia na Kiswahili, picha ya kambi inaweza kutumika kama waraka, ikichunguzwa kwa maswali haya: Nani aliipiga, na alikaa hapo muda gani? Ilipigwa lini, na nini kilitokea siku chache kabla? Aliyepigwa ana jina, na kama hana, ni kwa usalama wake au kwa uzembe? Nani aliichapisha, na alitaka mtazamaji afanye nini? Kitu gani kingeonekana kama kamera ingegeuzwa upande wa pili?

Maswali hayohayo hufaa kwa picha za Benaco, kwa filamu ya mapanki na kwa jarida la Warohingya.